Bado Wanaomba Radhi

Nilikwenda Kadavu kutengeneza mashine ya barafu
ya chama cha ushirika. Siku nne, niliambiwa.
Meli ya Jumanne haikuja. Ya Ijumaa ikaja na nguruwe,
magunia ya viazi, na mashangazi kumi na mmoja
walioshuka wakiimba, mikeka mabegani.
Inoke, fundi mwenzangu, akanishika kiwiko:
"Basi sasa wewe ni mtu wa harusi."

Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu.
Wao walinipa koleo kabla ya chai.
Nikafukia shimo la nyama na vijana wasionijua jina:
mawe ya moto chini, majani ya mgomba, udongo juu,
na moshi mwembamba ukitokea pale nilipofukia vibaya.
Hakuna aliyenisema. Mmoja alikuja tu,
akapapiga kwa koleo lake mara mbili, akaenda zake.

Makereta akanivika sulu ya mumewe,
nyeusi, ya kushonwa, yenye mifuko kama suruali.
Mfuko wa kulia ulikuwa na risiti ya petroli
na pipi moja. Sikuigusa.
"Vua kofia. Ukipita mbele ya watu, inama, sema tulou.
Usinyooshe miguu. Hasa usinyooshe miguu."

Niliketi. Miguu ikalala kabla yangu.

Unaisi aliingia polepole
kwa kuwa hakuweza kuingia vinginevyo:
masi, nguo ya gome la mti lililopondwa,
imemzunguka tabaka juu ya tabaka
hata akawa mpana kuliko mlango.
Wakamgeuza ubavu. Akacheka. Shangazi akamfinya.

Mikeka ikatandikwa, mmoja juu ya mwingine,
pindo zake nyuzi za sufu, nyekundu, kijani,
waridi kali kama dawa ya meno ya watoto.
Nilihesabu thelathini na sita. Ni ugonjwa wa kazi.

Ndipo mtu wa upande wa bwana harusi
akasogea kwa magoti, mikononi jino la nyangumi,
njano kama siagi iliyosahauliwa, kamba yake ya usumba.
Akanena. Akanena.
Nzi akatua kwenye jino, akaondoka, akarudi.
"Anasema nini?"
"Wanaomba radhi," Inoke akaninong'oneza.
"Kwa kosa gani?"
"Kwa kumchukua."
Dakika kumi zikapita.
"Na sasa?"
"Bado wanaomba radhi."
"Hilo jino ndiyo mahari?"
Akanitazama kana kwamba nimenyoosha miguu.
"Hilo halinunui kitu. Siku moja ulishike, uone uzito."

Epeli, baba wa binti, dereva wa boti la zahanati,
alilipokea kwa mikono miwili, akalisogeza puani.
Mdomo ukamcheza. Hakujibu upesi,
na ukumbi mzima ukamngoja, hata watoto,
hata mbwa aliyekuwa akijikuna mlangoni.

Mimi Zamda nilimchukua kwa bahasha.
Tuliihesabu garini, mimi na binamu yangu,
injini inawaka.
Baba yake alitia sahihi, akauliza kama tutakula.
Tulisema tuna safari.

Kifuu cha yaqona kikanifikia.
Kofi moja, nikanywa hadi chini, makofi matatu.
Ladha ya udongo na mizizi,
na ulimi ukafa ganzi upande ule ule
ninaoutumia kusemea mambo ya maana.

Usiku, ngoma ya vijana ikiwa imepamba moto,
nilipanda kilima nyuma ya kanisa,
mahali pekee simu inaposhika,
sulu ya watu ikininasa kwenye miiba.
Iliita sana.
"Nani amekufa?" mzee akauliza.
"Hakuna, baba." Nikameza mate.
"Ni ile siku ya bahasha.
Hatukula."